Mahali Pazuri pa Picha Ni Nyumbani kwa Mtu

Ninapinga orodha za "sehemu bora za kupiga picha". Ninazipinga zote, lakini leo nitaanza na zile za Hong Kong. Ndizo vijana wetu wanaziangalia sana kwenye simu, na mji ule una habari moja inayotuhusu sisi wakimbizi kuliko wengi wanavyodhani.

Orodha hizo unazijua hata kama hujazisoma, maana zote zinafanana. Nenda Victoria Peak jioni, mji wote utakuwa chini yako. Panda kilima cha Garden Hill wakati jua linazama. Nenda Choi Hung asubuhi kabla watu hawajajaa, panda mpaka juu ya maegesho ya magari, utakuta uwanja wa mpira wa kikapu, na nyuma yake maghorofa yaliyopakwa rangi za upinde wa mvua. Nenda Quarry Bay, ingia kwenye ua wa Yick Cheong, geuza simu iangalie juu. Wanakuambia saa, wanakuambia lenzi, wengine wanakuambia hata nguo ya kuvaa ili utokeze vizuri. Kitu kimoja hawakuambii: nani anakaa pale.

Mimi sijafika Hong Kong, na kwa karatasi nilizo nazo sijui kama nitafika. Ninafanya kazi na vijana hapa Nakivale. Jioni mbili kwa wiki tunajifunza kupiga picha, simu nne kwa vijana ishirini na wawili. Nilianza kusoma habari za mji ule kwa sababu vijana waliniuliza maswali ambayo picha zenyewe hazikuyajibu. "Yaya, hizi nyumba ni za matajiri?" "Yaya, mbona watu hawaonekani?" Najua kuna mtu atasema, kijana wa kambini anajua nini kuhusu Hong Kong? Ninamjibu hivi: kuna upande mmoja wa jambo hili ninaujua vizuri kuliko wanaoandika zile orodha. Ninajua kuishi mahali ambapo watu wanakuja kupiga picha.

Hebu tuanze na lile ambalo orodha zinaruka.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, Hong Kong ilikuwa na watu kama 600,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walishapita milioni 2. Wengine walikuwa wenyeji waliorudi makwao baada ya vita. Lakini wengi mno walikuwa watu waliokimbia China, kwanza kwa sababu ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, halafu kwa sababu ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 1949. Walipanda kwenye miteremko ya vilima wakajenga vibanda vya mbao, mabati na chochote walichookota. Usiku wa Krismasi, tarehe 25 Desemba 1953, moto ukawaka katika vibanda vya Shek Kip Mei. Kulipokucha, zaidi ya watu 50,000 hawakuwa na pa kulala.

Baada ya moto ule serikali ya kikoloni ya Waingereza ikaanza kujenga maghorofa ya kuwaweka watu. Ukiyaangalia kutoka juu yalikuwa na umbo la herufi H. Mtu mzima alipimiwa futi 24 za mraba, mtoto nusu yake. Maji ya pamoja, choo cha pamoja. Futi 24 za mraba ni mkeka mmoja mkubwa, basi. Msomaji wa kijarida hiki sina haja ya kumweleza zaidi. Tunajua vizuri maana ya kupimiwa na mtu mwingine nafasi yako ya kulala.

Sasa rudi kwenye orodha. Kilima cha Garden Hill, kile cha jua kuzama, kiko Sham Shui Po, karibu kabisa na pale palipoungua. Chini yake liko jengo linaloitwa Mei Ho House, lile la mwisho lililobaki katika yale ya umbo la H. Leo ni hosteli na makumbusho ndogo. Choi Hung nayo ilijengwa kati ya mwaka 1962 na 1964. Haukuwa mtaa wa walioungua, ulikuwa wa wapangaji wenye mshahara mdogo, lakini ulitokana na njaa ileile ya nyumba katika mji uliojazwa na watu waliokimbia. Hiyo ndiyo habari ninayoisema. Mtu anasafiri kutoka mbali na kamera ya bei kubwa ili apige picha ya ukuta, na ule ukuta ni jibu la mji kwa swali la wakimbizi: mtalala wapi? Halafu anaondoka bila kusikia swali wala jibu.

Mtu atasema, sasa kosa liko wapi? Mtu amependa rangi, amepiga picha, ameondoka. Ameiba nini?

Twende Quarry Bay. Pale Yick Cheong ni sehemu ya majengo matano ya miaka ya 1960 yaliyoshikana, marefu, na katikati yamebakiza ua mwembamba. Ukisimama uani ukainua macho, unaona madirisha juu ya madirisha mpaka kijisehemu kidogo cha mbingu. Mwaka 2014 filamu moja ya Transformers ilionyesha mahali pale, na baada ya hapo watu wakaanza kufurika. Wageni wakalipa jengo jina la kutisha, wakaliita jengo la zimwi. Wewe fikiria. Unaamka asubuhi unakwenda kununua mkate, chini ya ngazi zako wamejaa watu thelathini, mmoja amelala chali sakafuni ili apate picha, mwingine anarukaruka na mwenzake anamhesabia moja, mbili, tatu. Na nyumba yako kwao ni zimwi. Wakazi walifika mahali pa kubandika matangazo: hapa ni mali ya watu, picha haziruhusiwi. Orodha nyingi hazikuliondoa lile jengo. Ziliongeza tu kwamba "kuna tangazo, kwa hiyo fanya haraka".

Hapo ndipo ninapokasirika. Mwenye nyumba amekuambia kwa maandishi kwamba hataki, na wewe unamfundisha msomaji wako namna ya kuwahi kabla hajatoka. Huo siyo ushauri wa picha. Kwetu mtu anayechungulia ua wa watu akihesabu muda ana jina lake, na jina hilo siyo mpiga picha.

Picha yenyewe ya pale inasema kitu. Ili itoke jinsi orodha inavyotaka, lazima kamera iangalie juu. Ikiangalia juu haioni mtu. Inaona nguo zilizoanikwa, inaona mashine za kupoza hewa, inaona mabomba. Nguo za nani? Shati lile ni la mtu atakayelivaa kesho kwenda kazini. Orodha inalitaka shati na haimtaki mwenye shati. Inataka umaskini uwe rangi. Usiku ukipanda Garden Hill unaona taa elfu za madirisha zinavutia sana. Katika mji ule zaidi ya watu 200,000 wanaishi kwenye vyumba vilivyokatwakatwa, fleti moja imegawanywa kwa mbao ikatoa vijumba vinne au vitano, na Sham Shui Po iliyo chini ya kilima hicho ni moja ya sehemu zinazojulikana kwa vyumba hivyo. Taa inapendeza ukiwa mbali. Anayeishi chini ya ile taa anapika na kulala mahali pamoja.

Sasa nijibu hoja za wapinzani wangu, maana nimebishana nao hata hapa kwetu.

Wa kwanza anasema: mahali pa wazi ni pa kila mtu, sheria hainikatazi. Sawa. Mimi sibishani na anayepiga picha ya bandari. Panda kivuko cha Star Ferry kutoka Tsim Sha Tsui kwenda Central, kimekuwa kikivusha watu tangu karne ya 19, piga picha za maji na maghorofa mpaka simu iishe chaji. Panda Victoria Peak, ni mita 552, mlima haulalamiki. Ninachosema kinaanzia kwenye ua, kwenye ngazi, kwenye korido, kwenye kamba ya nguo. Mambo mengi hayakatazwi na sheria lakini yanakatazwa na adabu. Hakuna sheria inayonilazimisha kupiga hodi kwa jirani ambaye nyumba yake haina mlango, ana pazia tu. Ninapiga hodi. Na akikaa kimya ninaondoka.

Wa pili anasema: ukiomba ruhusa picha inakufa, mtu anajipanga, anakaza uso, ukweli unapotea. Hii ndiyo hoja ya wanaojiona mafundi. Basi tuangalie mafundi wenyewe.

Fan Ho alizaliwa Shanghai mwaka 1931, akaingia Hong Kong mwaka 1949 akiwa kijana, mwaka uleule wengine walipokuwa wanakimbilia huko. Picha zake za vichochoro, ngazi na wachuuzi wa miaka ya 1950 ndizo ambazo wapiga picha wengi wa leo wanaziiga bila kujua. Picha yake inayojulikana kuliko zote, ile iitwayo Approaching Shadow ya mwaka 1954, inaonyesha msichana amesimama chini ya ukuta mrefu mweupe na kivuli kinamkaribia kwa mshazari. Watu wanaweza kudhani alibahatika, alipita tu akakuta. Kumbe yule msichana alikuwa binamu yake, alimwomba asimame pale. Na kile kivuli alikiongeza mwenyewe baadaye, kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Kwa hiyo "sehemu bora" ile haikuwepo. Kulikuwa na ukuta wa kawaida, na mtu aliyekubali kusimama kwa sababu anamjua anayeomba. Ombi halikuiua picha ile. Inaishi mpaka leo, na Fan Ho mwenyewe alifariki mwaka 2016.

Mwingine ni Michael Wolf, Mjerumani aliyeishi Hong Kong miaka mingi. Alipata jina kwa picha kubwa za maghorofa, kuta tupu zimejaa fremu nzima, bila mbingu, bila ardhi, bila mtu. Nitasema wazi, hizo ndizo mama wa orodha za leo. Kila kijana anayegeuza simu juu pale Yick Cheong anamfuata yeye hata kama hajui jina lake. Lakini mwaka 2006 mtu huyohuyo alifanya kazi nyingine. Aliingia Shek Kip Mei, kwenye majengo ya zamani yaliyokuwa yanasubiri kubomolewa, akapiga picha vyumba 100, kila kimoja kama futi 100 za mraba, kila mwenye chumba yumo ndani ya chumba chake. Mzee na kitanda chake, bibi na masufuria yake. Kaziangalie hizo picha. Huwezi kuingia vyumba mia bila kupiga hodi mara mia. Na mimi ninasema hizo picha mia zinazishinda kuta zake zote, kwa sababu ukuta unakuambia watu ni wengi, chumba kinakuambia huyu ni nani.

Na wapo wawili, Greg Girard na Ian Lambot, waliokwenda kwenye mtaa uliokuwa unaitwa Kowloon Walled City. Watu kama 33,000 walikuwa wanaishi kwenye eneo la hekta 2.6, majengo yamebanana mpaka jua halifiki chini. Serikali ilitangaza mwaka 1987 kwamba utabomolewa, na kazi ya kuubomoa ilianza mwaka 1993 ikaisha mwaka 1994. Wale wawili walikaa miaka wakirudi na kurudi, na kitabu chao cha mwaka 1993 kina picha na pia maneno ya wakazi wenyewe: mwenye kiwanda cha tambi, daktari wa meno, mtu anayeleta barua. Leo pale pana bustani ya kupumzikia. Ukitaka kujua watu wa pale walikuwa nani, picha za kuta hazitoshi. Unahitaji mtu aliyekaa akauliza.

Jambo hili halijaisha. Serikali ya huko imeshatangaza kwamba mtaa wa Choi Hung nao utabomolewa na kujengwa upya kwa awamu. Picha za zile rangi zipo nyingi mno kwenye simu za dunia. Hebu tafuta ndani yake picha moja yenye jina la mama aliyelea watoto watano nyuma ya ukuta wa njano. Siku mtaa ukianguka tutabaki na rangi.

Wa tatu ndiye mgumu, nami ninamheshimu. Anasema: wageni wanaleta pesa. Wakija kupiga picha watakula, watanunua, mtaa utajulikana. Ni kweli mahali fulani. Mwenye mgahawa chini ya jengo atauza chai. Lakini anayesumbuliwa ni yule wa ghorofa ya tatu, na yeye hauzi chai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba mgeni wa kweli anakaa mpaka siku ya tatu, anashika jembe, anakuwa mtu wa hapo. Mgeni wa orodha hafiki hata saa ya tatu. Huwezi kumpa jembe mtu ambaye teksi yake inamsubiri.

Kuna jengo moja zaidi kwenye orodha za Hong Kong, na hili linatufikia kabisa. Linaitwa Chungking Mansions, liko Nathan Road, Tsim Sha Tsui, ghorofa 17, lilijengwa mwaka 1961. Chini kuna maduka ya simu na ya kubadilisha pesa, juu vyumba vya wageni vya bei ya chini. Wafanyabiashara wetu wa Tanzania, Kenya na Congo wamepita pale kwa miaka mingi kununua simu za kuja kuuza Afrika. Kiswahili kinasikika kwenye lifti zile. Orodha zinapapenda: "nyuso za dunia nzima chini ya paa moja", eti nenda usiku upate nyuso.

Upate nyuso! Sasa sikiliza. Katika watu wanaopita pale wamo waomba hifadhi. Hong Kong haimo katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, mkataba huo haufanyi kazi kule, na mwomba hifadhi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi. Akikamatwa anafanya kazi anaweza kufungwa jela. Hapa Uganda sheria ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, kwa hiyo pengine hatuoni haraka uzito wa jambo hilo. Fikiria kijana wa kule amesaidia kubeba katoni dakika kumi ili apate chakula cha jioni, na mgeni mwenye orodha mkononi ameona "uso", amepiga, ameweka mtandaoni na jina la jengo na saa. Mgeni amepata picha. Kijana amepata ushahidi dhidi yake. Hawakusalimiana hata.

Na wengine hawaogopi polisi, wanaogopa waliowakimbia. Hapa kwetu wamo. Kuna mama kwenye mtaa wangu ambaye kila gari la wageni likiingia anaingiza watoto ndani na kufunga. Watu wanasema ana kiburi. Hana kiburi. Kuna mtu huko alikotoka ambaye hatakiwi kujua kwamba wale watoto wako hai.

Sasa nimefika kwenye kilichonifanya niandike. Mwaka huu shirika moja, sitalitaja, limeleta ombi kwenye kikundi chetu cha vijana. Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, watakuja wageni. Wanataka vijana wetu, kwa kuwa wanajua kupiga picha, waandae orodha ya sehemu kumi bora za kupiga picha hapa Nakivale, na ramani yake. Malipo yapo kidogo, na fulana.

Vijana walifurahi, na mimi siwalaumu. Ni mara ya kwanza mtu kuwaomba ujuzi. Walianza kutaja: ziwa asubuhi ukungu ukiwa bado juu ya maji, kilima cha nyuma ya soko, nyumba za udongo wakati wa jua la jioni, foleni ya mgao, watoto bombani na madumu ya njano. Waliorodhesha kama wenye ujuzi, na kweli wana jicho. Kisha binti mmoja wa miaka kumi na sita akauliza polepole, "Foleni ya mgao si mama zetu?" Pakawa kimya. Hakuna aliyecheka.

Jioni ile nilikwenda bombani na vijana wawili kuuliza. Mama mmoja mtu mzima, jirani yetu wa kutoka upande wa Fizi, alitujibu akiwa anafunga dumu lake.

"Picha? Ile ya mwaka ule muliipeleka wapi?"

"Mama, siyo sisi, walikuwa wageni."

"Nyinyi munakuwaka nao. Walinipiga nikiwa na mtoto mgongoni, wakasema asante mama, asante mama. Yule mtoto alishakufa. Sina picha yake hata moja. Wao wanayo."

Nitamjibu nini mama huyu? Nimwambie mwanga ulikuwa mzuri?

Nimefikiria neno lake kila siku tangu hapo. Mahali fulani, kwenye kompyuta ya mtu, upo uso wa mtoto wa jirani yangu, na mama yake hana. Orodha ya sehemu kumi ingezaa mama wengine kumi kama yeye kwa mchana mmoja.

Wenzangu wawili kwenye kikundi wamenipinga. Mmoja amesema: tukikataa, wageni watakwenda sehemu nyingine, na fulana zitakwenda na wao. Inawezekana. Mwingine amesema mimi ninataka kuua kazi ya picha niliyoifundisha mwenyewe. Hapana. Sitaki marufuku. Mahali pasipopigwa picha panasahaulika, na sisi tumeshasahauliwa vya kutosha. Wale wa Walled City wasingepigwa picha leo tungekuwa na bustani tu. Ninachotaka ni kazi ibadilishwe mwanzo wake. Orodha inaanza na mahali, halafu watu wanaokotwa kama pambo. Ianze na mtu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kikundi, na ninaliandika hapa ili wazazi na wazee walisome na wanibane nikiliacha, ni hili.

Tusiwape wageni ramani ya sehemu. Tuwape orodha ya watu waliokubali wenyewe. Fundi cherehani wa pale sokoni anayetaka dunia ione mashono yake. Mzee anayetengeneza baiskeli, ambaye ameshasema yuko tayari lakini siyo kabla ya saa nne kwa sababu asubuhi ana kazi. Vijana wa kwaya. Mvuvi atakayekubali kupeleka mtu ziwani kwa malipo ya mtumbwi wake. Kila mmoja aseme saa yake, aseme nini kipigwe na nini kisipigwe, na aweze kubadili mawazo hata mgeni akiwa ameshafika. Foleni ya mgao na bomba visiwemo kabisa. Mtu aliyesimama pale hawezi kuondoka akikataa kupigwa, akiondoka anakosa unga au maji. Ndiyo yake siyo ndiyo.

Pili, mtoto hapigwi bila mzazi kuwepo. Siyo mzazi kuambiwa baadaye.

Tatu, na hili ndilo wageni hawatalipenda: kila picha inarudi. Kuchapisha picha moja ndogo kwenye studio za hapa hakupiti bei ya chapati chache. Mgeni atakayepiga mtu alipe na nakala ya karatasi, na vijana wetu wataipeleka mpaka mkononi mwa mwenyewe. Asiyetaka kulipia karatasi ya mtu aliyempiga, apige ziwa.

Shirika likikataa masharti haya, basi tukatae fulana. Nimeshawaambia vijana hivyo, na kura itapigwa Jumamosi baada ya kazi ya usafi. Naweza kushindwa. Vijana ni ishirini na wawili na fulana ni mpya.

Lakini kwa wewe kijana unayesoma hii ukiwa na simu mfukoni, hapa Nakivale, Nyarugusu, Kakuma au popote ulipotupwa: siku moja wengine wenu mtasafiri. Mmoja wenu atafika hata Hong Kong, Mungu akipenda. Atashuka treni Choi Hung, atapanda mpaka juu ya maegesho, ataona zile rangi kwa macho yake. Apige, ni nzuri kweli. Kisha ashuke ngazi, atafute mzee aliyekaa kwenye benchi, amsalimie kwa neno lolote atakalokuwa amejifunza, akae naye. Amwambie na yeye katoka kwenye nyumba ya kupimiwa. Mkono ukielekea kwenye simu, aulize kwanza.